Albamu Mbili za Sebule ya Kabeza

Juzi nilipita Kabeza, hapa Kigali, kununua chaja, na dukani walikuwa wamefungulia wimbo ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Nilisimama pale mlangoni mpaka ukaisha, mwenye duka akidhani nachagua kava la simu. Vinanda vilikuwa vinazunguka kama maji kwenye beseni, tarumbeta zinaingia bila hodi, halafu sauti ya mwanamume inapanda juu kwa madaha. Niliijua kabla hajamaliza neno la kwanza. Ilikuwa albamu ya shangazi.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma kidogo ya maduka hayo. Tulikuwa tumetoka Tanzania, familia ya Wanyarwanda waliorudi kwao, na Kiswahili kilibaki kuwa lugha yetu ya mezani na ya ugomvi. Mama alifariki nikiwa mchanga, kwa hiyo nyumbani tulikuwa baba, bibi, mimi, na shangazi, dada mdogo wa baba, ambaye ndiye aliyenilea. Shangazi alivaa rangi tatu kwa mpigo na alicheka kiasi kwamba hata ndege za uwanja wa Kanombe zilipopita juu ya bati tulimsikia yeye bado.

Sidii mbili ziliingia nyumbani mwaka mmoja. Ya baba ilikuwa na jalada la kijivu: mtu mmoja, gitaa moja, amerekodi chumbani kwake, ukisikiliza vizuri unasikia kiti kikilia. Ya shangazi ilikuwa na mwimbaji aliyevaa manyoya ya tausi, amepakwa dhahabu usoni, nyuma yake anga la zambarau. Zote mbili ziliimbwa Kiingereza, na nyumbani hakuna aliyekielewa Kiingereza cha nyimbo.

Jumapili baada ya kanisa, isombe, kisamvu cha huku, ikiwa jikoni na harufu ya karanga imejaa nyumba nzima, wageni walikaa sebuleni na baba aliwapigia zote mbili, moja baada ya nyingine, ili wapime. Alikuwa na ulimi mkali na alijua hivyo. "Mtu asiye na la kusema huongeza ngoma," alikuwa akisema, huku akimtazama dada yake, si redio. Wageni walicheka. Jirani yetu, mama mmoja aliyependa chai yetu ya maziwa, alikuwa akimuunga mkono kila wiki kwa Kiswahili chake cha mtaani: "Huyu wa gitaa iko mpole, sha. Ule mwingine iko kelele tu."

Shangazi alimjibu mara moja tu ninayoikumbuka. Alikuwa anaweka sahani mezani. "Kaka, huyo wako anaimba kama mpangaji anayeogopa mwenye nyumba." Sebule nzima iliangua kicheko, hata bibi. Baba alitabasamu na kumega kitumbua chake. Mimi niliyemjua niliona kwamba hakupenda.

Miezi michache baadaye alikuja mgeni wa shangazi, msimamizi wa ghala huko Masoro, mtu wa maneno machache, viatu vimepigwa rangi. Shangazi alikuwa amenifundisha tangu asubuhi namna ya kumkaribisha. Alikaanga ndizi mwenyewe, akanikataza kuzigusa. Baada ya chakula baba akasimama, akaweka ile sidii ya tausi, akaongeza sauti.

"Mwonyeshe mgeni unavyocheza jikoni," akasema kwa upole.

"Kaka, siku nyingine."

"Cheza. Ajue anachochukua."

Shangazi alimtazama mgeni, naye mgeni akatabasamu, basi akacheza. Mwanzo kwa aibu, kisha akasahau. Mikono juu, macho amefumba, kitenge kinazunguka, na mimi nilidhani hakuna mtu mzuri kama yeye katika Kigali yote. Wimbo ulipofika kwenye tarumbeta, baba akauzima. Akaweka ya kijivu. Kile kigitaa kikaanza kudonoa polepole.

"Haya, endelea," akamwambia.

Shangazi alibaki katikati ya sebule mikono ikiwa bado hewani. Kisha akaishusha. Baba akacheka, jirani aliyekuja kunywa chai akacheka, na mgeni naye, taratibu, akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kicheko hicho ndicho shangazi alichokitazama. Alikusanya vyombo akaenda jikoni. Mgeni aliaga vizuri, akashukuru kwa ndizi, na hatukumwona tena. Jioni ile baba alisema, "Nimemwokoa kijana wa watu." Bibi akamwambia mwanawe kwamba jeraha la ulimi halina mshono, lakini alimwambia kwa sauti ndogo, na baba alikuwa ameshatoka.

Shangazi alihamia Kicukiro, chumba kimoja, kazi ya kupokea wageni ofisini. Hakuolewa. Baba amezikwa, bibi pia, na ile nyumba imebomolewa. Pana ghorofa la vioo sasa.

Baada ya kutoka dukani siku ile nilizitafuta zote mbili kwenye simu, nikazisikiliza kwa makini, kwa kuwa Kiingereza sasa nakielewa. Yule mpole wa gitaa anamwambia mwanamke, wimbo baada ya wimbo, kwamba hana thamani, na anamwambia bila kupandisha sauti. Yule wa manyoya, chini ya tarumbeta zake zote, anamwomba mtu asimwache peke yake.

Nilikwenda Kicukiro nikamwekea shangazi ule wimbo wake. Chumba chake kina mapazia ya kijivu, na yeye huvaa vivyo hivyo siku hizi. Alisikiliza kidogo, uso wake umetulia kabisa.

"Punguza, mwanangu," akasema. "Majirani watasema nini?"

Ilikuwa saa sita mchana, na simu ilikuwa tayari imepunguzwa sauti mpaka mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama ili nisikie.