Mrija Niliomshikisha Mume Wangu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mwaka uliofuata Uhuru, nilipochungulia dirishani nikamwona mume wangu amesimama uani, miguu ameipanua, mkono mmoja ameunyoosha mbele na mwingine ameuvuta nyuma, kama mtu anayelenga ndege kwa upinde. Upinde wenyewe haukuwepo. Akashusha mikono polepole, akageukia upande wa pili, akavuta tena. Tulikuwa tukikaa Shieywe, nyumba zimekaribiana, na majirani walisimama na ndoo zao wakimtazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mume wangu aliitwa Zakayo. Alikuwa karani wa korti hapa Kakamega, mtu mpole, mwenye mwandiko safi, na alipenda pombe. Na pombe hiyo, nisijifiche, mara nyingi ilitoka mkononi mwangu. Usinione leo nimejikunja hivi. Mimi nilikuwa fundi wa busaa. Nilijua unga wa mahindi uchache siku ngapi, ukaangwe mpaka ushike rangi gani, na kimea cha wimbi nilikipima kwa kiganja tu. Wakwe zangu kule Navakholo walinisifu kwa ajili hiyo, nami nilipenda kusifiwa.

Zakayo alikunywa korti ikifungwa, akanywa Jumamosi, akanywa Jumapili baada ya kanisa, na akikutana na wenzake waliongeza chang'aa. Macho yake yakawa ya manjano. Ubavu wa kulia ukawa unamuuma, na yule mtu mpole akawa mkali hata kwa watoto. Daktari wa hospitali alimwambia waziwazi kwamba ini limeharibika, na kwamba asipoacha pombe hatafika mbali.

Ndipo akaja Laban, binamu yake, aliyekuwa amerudi kutoka Uchina alikokwenda kusomea kilimo. Siku hizo mtu aliyetoka huko alitazamwa kwa jicho la pembeni. Wengine walimwita mkomunisti wakampita mbali, ingawa maskini alirudi na sanduku moja na koti moja. Akiwa huko aliugua ini yeye mwenyewe, akauguzwa na mganga mmoja mzee wa Kichina. Alipoyaona macho ya Zakayo alikaa jikoni kwangu mchana kutwa, hataki kuondoka.

"Shemeji, sikia," aliniambia. "Kule wanasemanga ini ni kama mkubwa wa jeshi. Ndiyo inapanga damu iende wapi. Na hasira nyumba yake ni hapo hapo. Ukiichosha, mwili yote inakosa mwenye kuiongoza."

Dawa zao za mizizi hakuwa nazo, na za kwetu alikataa kubahatisha. Alichotuletea ni utaratibu wa chakula na mazoezi. Pombe Zakayo aiache kabisa, hata tone. Ale mboga za kijani kila siku, hasa zile chungu kama mnavu, zisizoogeleshwa kwenye samli, na ndimu kidogo juu yake. Nyama iwe ya kuonja tu. Chakula cha jioni kiliwe jua bado liko, kisha atembee, alale mapema. Asubuhi avute upinde ule usioonekana, kulia na kushoto, macho yakifuata mkono. Kisha ainue viganja juu kama anayesukuma dari, ageuke taratibu kuvitazama visigino vyake, na pumzi isiende mbio. Akiona hasira inapanda, atoke akatembee. Mengine sikuyaelewa, na hata leo siyaelewi yote. Lakini daktari wa hospitali alipoulizwa alisema mboga, matembezi na kuacha pombe hata yeye anakubaliana nayo.

Zakayo akafuata. Alikuwa karani, ukimpa maagizo yamepangwa vizuri anayafuata. Ukapita mwezi, ikapita miezi mitatu. Jioni alikuwa akitembea mpaka sokoni na kurudi, na siku moja aliporudi alinishika kiuno nikiwa mekoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Macho yake yalikuwa yakirudi kuwa meupe. Alikuwa anapona, mwanangu. Nataka ulishike hilo unaposikia haya mengine.

Wifi yangu Rasoa alikuja kututembelea. Kwetu, mgeni akija kuku huchinjwa, na firigisi ni ya mwenye nyumba, hakuna mwingine wa kuigusa. Nilimpikia Rasoa kuku na ugali, nikampelekea Zakayo mnavu wake. Firigisi akaitia kwenye sahani ya dada yake, akicheka. Rasoa hakucheka. Kesho yake asubuhi akamwona uani akivuta upinde, akafunga mzigo wake kabla ya chai. Kufikia wiki iliyofuata Navakholo nzima ilijua kwamba nimemlisha mume wangu limbwata.

Mama mkwe alikuja mwenyewe. Hata kiti hakukikalia.

"Mama Andayi, ulimupatia kijana yangu nini?" aliniuliza. "Hanywi na wenzake. Anakulanga majani kama mbuzi. Asubuhi anapigana na hewa. Na firigisi anapatia mwanamke. Huyo bado ni mwanaume?"

Nilimweleza habari za ini, akaniambia ini la ukoo wao halijawahi kumshinda mtu. Sokoni nikawa nikifika wanawake wananyamaza. Mimi niliyezoea kuitwa kwa furaha kila palipokuwa na sherehe nikawa naitwa mchawi wa mume wake. Jambo hilo lilinichoma kuliko nilivyokuwa nikilionyesha, na badala ya kutoka nikatembee kama Laban alivyosema, nililifuga.

Mwaka ukatimia tangu baba mkwe afariki. Desturi ya ukoo ule ilikuwa chungu cha busaa kiwekwe katikati ya nyumba ya marehemu, wazee wakizunguke na mirija yao mirefu, na mwana wa kwanza akikalie kiti cha baba yake na kuushika mrija wake. Busaa hiyo hupikwa na mke wa mwana huyo. Zakayo aliniambia mapema, "Wewe pika. Mimi nitakaa kwa kiti, lakini mrija atashika Petro." Petro, mdogo wake, alikubali. Hata baba mdogo, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alisema hakuna ubaya, mtu ni mgonjwa. Kila kitu kilikuwa kimepangwa, na mimi nilitakiwa kunyamaza tu.

Nilipika busaa ambayo sijawahi kupika mfano wake. Siku yenyewe Zakayo akakaa, wazee wakazunguka, Petro akanyoosha mkono kuuchukua mrija. Ndipo Rasoa akasema kwa sauti kutoka upande wa wanawake, "Mwacheni huyo. Mke wake hajamupatia ruhusa."

Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Sikufikiri, mwanangu. Nilipenya katikati ya wazee, nikauchukua mrija ule, nikaufuta kwa leso yangu, nikamshikisha mume wangu mbele ya watu wote. "Kunywa, Baba Andayi," nikasema. "Kwani nani amekukataza?"

Alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na ingekuwa nafuu ningeiona. Kama angekataa pale, angeniaibisha mimi. Basi akainama, akanywa. Wanawake wakapiga vigelegele, mama mkwe akanikumbatia. Nami nilifurahi. Hilo ndilo nisiloweza kujisamehe hata nikiombewa na wachungaji kumi. Nilisimama pale, jina langu limesafishwa, nikafurahi.

Siku ile haikumtosha. Akanywa kesho yake, na ya pili yake. Mnavu akauacha, uani hakutoka tena. Laban alimsihi mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilivunja vyungu vyangu vyote, nikapiga magoti, na Zakayo alinisikiliza kwa upole wake uleule kisha akachukua kofia yake akaenda. Mahindi ya msimu ule hayajabeba bado, tumbo lake likajaa maji na miguu ikavimba. Mchana mmoja nilimpikia mnavu kama alivyofundisha Laban, nikaukamulia ndimu, nikampelekea kijiko mdomoni. Akageuza uso.

"Sasa ndio unanipea, Mama Andayi?" akasema.

Hakulisema kwa kunilaumu. Alikuwa akiuliza tu. Hakumaliza wiki ile.

Ungedhani kisa kama hicho kingeokoa mtu. Andayi, mwanangu wa kumzaa, nilimsimulia chote, na alilia kwa ajili ya baba ambaye hakumkumbuka vizuri, kisha jioni akatoka kwenda kunywa. Nimemzika kando ya baba yake. Wake za wajukuu huja hapa, nawaeleza, wanasema "ndio, kukhu," kama mtu anavyomwitikia bibi yake, wanaoga, wanavaa, wanaenda kwenye sherehe kuwamiminia waume zao. Sina hakika hata wewe unanisikiliza au unangoja nimalize. Nasema kwa sababu mdomo ndio kitu pekee kilichobaki kwangu chenye nguvu.

Basi sikia. Ini halipigi kelele mapema; likianza kulia umeshachelewa. Lihurumie lingali kimya. Pombe iache iwe ya wengine. Kula mboga chungu hata kama huzipendi, kula mapema, tembea ukishashiba, lala. Nyoosha mwili asubuhi kwa mtindo wowote unaoujua, wa Kichina au wa babu yako. Hasira usilale nayo kitandani. Ukiona macho yanageuka rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama ni mwenzako ndiye anayejaribu kupona, ukamkuta uani amenyoosha mikono na watu wanamcheka, toka nje ukasimame kando yake unyooshe yako. Wacheke nanyi wawili. Kicheko chao kitaisha siku moja, na mtu wako utakuwa naye.

Mungu akulinde na watu wako, mwanangu. Akupe moyo wa kustahimili kusemwa, kwa maana mimi nilimwomba nikiwa nimeshamzika mtu. Akupe uzee wenye mtu wa kukaa naye jioni. Huo mimi sikuupata.