Njugu zilizofungwa kwa mwandiko wa Baba

Leo nimenunua njugu, nikakuta zimefungwa kwa mwandiko wa marehemu baba yangu.

Baba alikuwa weita katika hoteli moja karibu na maporomoko ya Chania. Wageni wa Ulaya wakimaliza kula, aliwauliza, "Kwenu usiku mnauitaje?" Akirudi nyumbani aliandika majibu yao katika daftari langu, kila neno na ukurasa wake.

Mjerumani: Nacht.
Mwitaliano: notte.
Mhispania: noche.

"Umeona?" aliniambia. "Haya maneno yana cucu mmoja, nyanya mmoja aliyeyazaa yote."

Sasa, daftari lenyewe lilikuwa na jalada la Hesabu. Mitihani ilipoisha, Mama alikusanya madaftari yangu ya zamani akampa Mama Shiku, anayeuza njugu hapa Mwihoko. Kila mtu huku hufanya hivyo. Mama hakujua kilichokuwa ndani.

Nilianza kulia pale pale. Mama Shiku akashtuka.

"Kwani zimeungua?"

"Hapana. Hii karatasi iliandikwa na baba yangu."

"Ngai! Na nimeuza tangu asubuhi!"

Alimwaga njugu zote kwenye beseni, akanipa kurasa saba zilizobaki. Zina chumvi, lakini zinasomeka.

Tafadhali, kama ulinunua njugu Mwihoko leo, fungua karatasi yako uiangalie. Ukiona wino wa kijani na herufi zilizolala, niandikie hapa chini. Nitaifuata hata Thika.

Ninautafuta zaidi ukurasa wa neno "mama".

Ningependa Mama auone kwanza, kabla sijamwambia daftari lilienda wapi.