Mzee wa Mlimani Hakuwa na Mkate

Ukitaka kumkasirisha Taalai huna haja ya kumtukana. Mwambie tu kwamba sehemu ya saba ya Njia za Vumbi ni gemu nzuri, kisha sogeza kikombe chako mbali na mkono wake.

Taalai ni fundi wa madirisha hapa Osh, kusini mwa Kirigizistani. Ana miaka arobaini na kitu, kifua kipana, na sauti ya kuuzia kondoo. Mkewe alikwenda Urusi kutafuta kazi, akaipata, akapata na mume. Taalai akabaki na binti yao, Aizirek, akamlea kwa namna pekee aliyoijua: akitoka kazini anampitia shuleni, anakuja naye klabuni kwangu, anampakata mbele ya kompyuta. Wengine humwimbia mtoto. Huyu alimfundisha kuiba treni.

Klabu hiyo ya kompyuta ni yangu mimi, Burul, na ipo chini ya ghorofa, nyuma ya soko. Niliifungua zamani, wakati kompyuta ya nyumbani ilikuwa jambo la kusikia tu. Siku hizi kila mtoto ana gemu mfukoni, na wanaokuja kwangu ni wale wale walioanza wakiwa na chunusi na sasa wana vipara. Hawaji kucheza sana. Wanakuja kubishana. Nachemsha chai, nawasikiliza, nawasema kidogo, siku inapita.

Ubishi wenyewe ni mmoja. Njia za Vumbi ni gemu ya nchi kubwa isiyo na ukuta: unapanda farasi unakwenda utakako, ukitaka unavamia benki, ukitaka unavua samaki mpaka usingizi ukushike. Zimetoka sehemu saba, na kwa watu wangu kila sehemu ni mbovu kuliko iliyotangulia. Aliyewapinga ni Aizirek peke yake, ambaye siku hizo alikuwa anamaliza shule, mrefu kuliko baba yake, mwenye jino la mbele lililomeguka tangu alipoanguka na baiskeli.

"Farasi wa sehemu ya saba anatoka jasho, baba," alisema jioni moja. "Ukimkimbiza sana unaliona shingoni. Hapo ndipo mnaita kushuka?"

"Ana jasho, hana akili. Farasi wa sehemu ya tatu ukimpigia mluzi anakuja. Huyu wenu ukimpigia mluzi anajirusha bondeni."

"Jana alijirusha na wewe juu yake, kaka," alisema Ermek, dereva wa lori la makaa. "Nilikuona. Mimi naona tatizo si farasi."

"Wewe nyamaza, hata kona huwezi kukata."

"Nanyamaza. Ila mimi nilijua tumekwisha kwenye sehemu ya tano, walipoanza kutuuzia kofia. Kofia! Kichwani nimevaa kofia ya marehemu baba, na hiyo yenyewe sijaimaliza."

Tulicheka. Ndipo Taalai akatoa hoja yake kubwa, ile ambayo niliisikia mara nyingi kuliko jina langu.

"Na mzee wa mlimani je?"

Kwenye sehemu ya tatu, njia ikifika juu kabisa kwenye theluji, kuna kibanda. Mzee anatoka, mkono ameuingiza ndani ya koti. Unasema moyoni, sasa nakufa. Mkono unatoka na mkate. Anakunyooshea, anasema, "Onja mkate kwanza, ndipo uende." Basi. Unaonja, nguvu zinakurudia, unashuka upande wa pili.

"Walioitengeneza ile walikuwa watu," Taalai alisema. "Walikuwa na utu. Sehemu ya nne, mkate hakuna. Ya tano, hakuna. Huko kwenye saba yako wanakupa nini? Risasi na matangazo."

Aizirek alikuwa ameshachoka. Aliwaambia kwamba kampuni imeitoa upya ile sehemu ya tatu, imesuguliwa, picha safi, sauti za lugha ya wenyewe walioitengeneza. "Tuiweke hapa tuone. Mzee akitoa mkate, sitaitaja tena saba mbele yako. Asipotoa, utakaa na mimi tuicheze saba yote mpaka mwisho. Na hakuna kununa."

"Dada Burul," Taalai aliniambia, "weka chai."

Tuliicheza Jumamosi, viti vimejaa. Taalai alipanda mlima kwa raha, akionyesha huku na huku kama mwenye shamba. Alipofika kibandani aliondoa mikono kwenye kibodi, akakunja mikono kifuani, akakaa kama mgeni anayesubiri kuandaliwa. Mzee alitoka. Mkono ulikuwa ndani ya koti. Ukatoka na bastola.

Skrini ikawa nyekundu. Akarudia, akapigwa tena. Akarudia, akasogea karibu, akainamisha kichwa kwa heshima, akapigwa ya kichwa. Ermek alianza kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Wameibadilisha," Taalai alisema. "Wameuondoa mkate."

Ermek alikuwa ameshachungulia kwenye simu yake, kwenye vijiwe vya wapenzi wa gemu hiyo huko duniani, picha za tangu ilipotoka. Alisema polepole, "Hawajabadilisha kitu, kaka. Dunia nzima huyu mzee anapiga risasi. Wana mpaka jina lake, wanamwita Babu Bastola. Mkate hakuna aliyewahi kuuona."

Taalai alichukua koti akatoka. Chai yake ilibaki mezani, nami sikuimwaga mpaka nilipofunga.

Hakurudi siku nyingi. Niliona ni utoto, mtu mzima kususa kwa ajili ya babu wa kwenye kioo, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia hivyo. Kisha Aizirek akaja peke yake, akakaa jikoni kwangu akachezea kijiko.

"Shangazi, deni la kucheza saba ametaka kulilipa. Anakaa, anabonyeza, hasemi neno. Nikimchokoza anasema ndiyo mwanangu, ni nzuri. Ni nzuri! Baba!" Macho yalikuwa yamemjaa. "Agosti naenda Bishkek chuoni. Mimi na yeye hatujui kuzungumza habari za mama, hatujui kuzungumza habari za moyo. Tunajua kubishana tu. Nikiondoka hivi, tutapigiana simu tuseme nini? Umekula? Nimekula. Haya, kwaheri?"

Nilimsogezea chai. Alikuwa amebeba CD yao ya zamani ya sehemu ya tatu, ile baba yake aliyoinunua sokoni, picha ya jaladani imefifia. Tuliiweka kwenye kompyuta kuukuu ninayoitumia kuegemezea mlango. Mzee akatoka, akatoa mkate, akasema maneno yake kwa lugha yetu kwa sauti ya mwanamke, kwa maana kwenye CD ile wote, majambazi, polisi, makasisi, walisemewa na mwanamke mmoja aliyeonekana ana mafua.

Tukatazamana. Mimi nina umri huu, na nilikuwa naona aibu. Kwetu mtu akipita mlangoni, hata ana haraka, hata amekuja kugombana, haondoki hajamega kipande. Kwa hiyo mzee wa kigeni, wa nchi ya kigeni, alipotuambia tuonje mkate ndipo twende, miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kajifunzia wapi. Tulimwona ana adabu, basi.

"Huyu mama ni nani?" Aizirek aliuliza. Na mimi nikajikuta nataka kujua kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule.

Taalai tulimburuta. Alisema ana kazi, Aizirek akamwambia asipokuja ataenda kumwuliza mama huyo peke yake na hatamsimulia. Alikuja. Tulikwenda sokoni kwa Rahmatjan, aliyekuwa akiuza CD na sasa anauza mapazia. Aliigeuza CD yetu mkononi, akacheka mpaka akaketi juu ya mapazia yake.

"Saikal huyo! Alikuwa mwanafunzi, yeye na wenzake wawili wanazinakili gemu, wanazitia lugha yetu, wananiletea, mimi nauza. Sasa hivi anang'oa meno, barabara ya kwenda hospitali."

Mwanamke alipotufungulia mlango akasema, "Karibuni, nani anaumwa?", Taalai aliketi kwenye kiti cha wagonjwa bila kuombwa. Ni ile ile sauti. Mafua hayajapona mpaka leo.

"Fungua mdomo," Saikal akamwambia.

"Siumwi. Dada, mkate uliuweka wewe?"

Ilibidi Aizirek aeleze kila kitu, na Saikal alihitaji muda kukumbuka. Kisha akajipiga paji la uso. "Ah, yule mzee! Yule alitutesa. Gemu ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta kubwa, zenu zilikuwa vimeo. Akipiga bastola, ule moshi unatoka, na kompyuta inaganda hapo hapo. Rahmatjan anarudishiwa CD kila siku, watu wanamtukania ukoo. Moshi hatukuweza kuuondoa, tulikuwa watoto, tunajua nini? Basi tukamnyang'anya bastola. Tukampa kitu kingine kilichokuwemo kwenye gemu, na kilichokuwemo ni ule mkate wa kwenye baa."

"Kwa hiyo ni moshi," alisema Taalai.

"Ni moshi, kaka."

"Utu haukuwepo."

"Ilikuwepo kompyuta mbovu."

Nilimhurumia, nakiri. Alikaa pale, taa ya daktari inammulika usoni, mtu aliyetetea jambo moja nusu ya maisha yake. Lakini Aizirek hakumwachia. Aliuliza, "Na yale maneno? Moshi hauna maneno. Nani alimwambia aseme onja kwanza, ndipo uende?"

Saikal alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini watu hupumua. "Mwanangu, sasa nitampa mtu mkate nikae kimya?"

Hapo Taalai akaanza kucheka. Kwanza tumbo tu, kisha mwili mzima, kiti cha daktari kikawa kinalia.

"Umeona sasa, baba?" Aizirek akamkalia kooni hapo hapo, bila huruma, na nilimpenda kwa hilo. "Gemu haikushuka. Ilikuwa hivyo hivyo tangu mwanzo, ya risasi."

"Imeshuka!" alisema Taalai, akifuta macho. "Imeshuka vibaya sana! Ila imeshuka kutoka hapa," akanyoosha kidole kwa Saikal, "sio kutoka kwa wale."

"Hiyo hoja haina miguu."

"Ina miguu kuliko farasi wako!"

Walibishana mpaka barabarani. Saikal alikuwa ameliona jino la Aizirek na kutaka kulitengeneza palepale, lakini msichana alikataa, alisema amelizoea. Mimi nilibaki nyuma kumshukuru daktari. Na hakuwa ametuachia tutoke kabla ya kumega mkate wake wa chakula cha mchana.

Agosti ilifika. Gari la kwenda mji mkuu, Bishkek, lilikuja mapema, dereva anapiga honi, abiria wananung'unika, na Taalai anahangaika na mizigo kama anapachika dirisha. Kompyuta ya nyumbani Aizirek aliibeba. Mlangoni baba alimshikia mkate mpya, wa duara, wa tanuri. Aizirek aling'ata mara moja, kama wanavyong'ata wote wanaosafiri, na uliobaki Taalai akautundika kwenye msumari jikoni, usubiri mpaka mwenyewe arudi. Nilikuwepo, nikauona ule mng'ato: nusu duara, na katikati kimebaki kijiti cha mkate, pale jino lililomeguka halikufika. Walikumbatiana kwa haraka na hawakusema kitu cha maana.

Ikawa kama alivyoogopa. Taalai akija klabuni huniambia, "Nimempigia. Amekula." Siku nyingine, "Nimempigia. Kuna baridi." Hakutukana gemu yoyote. Ermek alisema hadharani kwamba kofia za sehemu ya tano si mbaya sana, kumchokoza, na Taalai akaitikia tu kwa kichwa. Ermek akaniangalia kwa hofu.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, simu ya Taalai ikapokea faili kutoka kwa Aizirek, na maelekezo mafupi: mwambie shangazi Burul aingize hii kwenye sehemu ya saba, kisha upande mlimani. Niliingiza. Nilikosea mara kadhaa, nikaitukana, ikakubali. Taalai akapanda. Farasi alikuwa anatoka jasho shingoni, na hilo Taalai alilitolea sauti ya dharau, ya kwanza tangu Agosti.

Juu kabisa kulikuwa na kibanda. Kwenye saba hakijawahi kuwepo kibanda. Akatoka mzee, mkono ndani ya koti. Taalai aliondoa mikono kwenye kibodi.

Mkono ukatoka na mkate wa duara, wa tanuri, na mkate ulikuwa umeng'atwa mara moja. Nilisogeza miwani. Nusu duara, na kijiti katikati.

"Onja mkate kwanza, ndipo uende," alisema mzee, kwa sauti ya Aizirek aliyejitia mafua. "Halafu nipigie, baba, uniambie saba ina ubaya gani."

Ermek alivua kofia. Taalai alikaa akiitazama ile skrini, pua imemlowa, na hakujificha. Kisha akachukua simu, akausukuma mlango kwa bega, akatoka kwenye theluji bila koti. Tulimsikia kupitia ukuta, akimfokea mtu kwamba farasi wa sehemu ya saba wanakimbia kama mbuzi waliolewa, kwamba mzee gani anakaa mlimani na koti jepesi vile, na kwamba amekula, ndiyo, amekula, asimkatize, bado hajamaliza habari ya farasi.