Athumani na Barabara ya Maskati

Athumani wa Bariadi alikuwa ameendesha gari miaka thelathini na mbili, pamba msimu wa pamba, samaki msimu wa samaki, lakini barabara aliyokuwa akiiota siku hizo hakuwahi kuikanyaga. Katika ndoto ilikuwa nyororo kama maziwa yaliyoganda, haina tuta wala ng'ombe wa kuvuka, na gari lilikwenda bila kunguruma. Kushoto milima mikavu, kulia bahari. Nyuma wamekaa wajukuu zake wawili wanaimba wimbo wa shuleni kwao. Halafu mkewe, Salu, humgusa bega.

"Mzee, unakanyaga breki kitandani."

Barabara hiyo ilikuwa ya Maskati. Binti yao Rehana ameolewa huko. Mwezi wa nane alianguka kwenye ngazi akavunjika mguu, na mumewe kazi yake ni jangwani, wiki tatu haonekani nyumbani. Gari lipo mlangoni. Watoto wanatakiwa shule, yeye anatakiwa hospitali, na wa kushika usukani hakuna.

"Baba," alisema kwenye simu, "wewe si dereva? Njoo unisaidie."

Maneno hayo yalimwingia mzee kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Ni miaka mingapi tangu mtoto amhitaji hivyo?

Basi akapanda basi mpaka Dar es Salaam kutafuta kibali cha kuendesha gari nchi za nje. Alibeba leseni, pasipoti na picha mbili ambazo amekunja uso kama mtu mwenye kesi. Binti wa dirishani akaandika, akagonga mhuri, akamsukumia kijitabu cha rangi ya majivu.

"Kinadumu mwaka mmoja, mzee wangu. Na leseni yako ya hapa uibebe pia. Hiki kazi yake ni kuwaeleza wenzetu kwa lugha zao kwamba wewe ni dereva."

"Hamnipimi?"

"Ulishapimwa kwenye leseni, mzee."

Athumani akashukuru, akatoka haraka kidogo. Maana lilikuwepo jambo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu, mwaka wa pili sasa, baada ya leseni kutoka. Salu akimuuliza mbona analifikicha, hujibu ni vumbi la pamba. Na kweli halikumsumbua, maana huku kwetu tunapita kushoto, gari la mbele linakujia upande wa kulia, na jicho la kulia lilikuwa zima kama la kunguru. Kwa hiyo alijiambia kwamba mtu hahitaji macho mawili kwa barabara moja.

Kwenye basi la kurudi alikifungua kile kijitabu tena na tena. Kurasa zilikuwa na maandishi ya kila namna, mengine kama nyayo za kuku, mengine kama mawimbi. Akayatazama mpaka akasinzia, na usingizini yakawa barabara nyingi zinazopindana, zote zinafika mlangoni kwa Rehana.

Alichokuwa anakijua ni kwamba Maskati wanapita kulia. Kwa hiyo akataka kujizoeza. Msimu wa pamba ulikuwa umekwisha, uwanja wa kununulia pamba uko wazi, na Zengo alikuwepo. Huyu Zengo zamani alikuwa utingo wake; sasa anauza dagaa na samaki wa Lamadi kwa baiskeli.

"Suka wangu," Zengo akasema akiwa juu ya baiskeli, akimwita dereva wake kama zamani, "leo mimi ni lori la Waarabu. Ukinigonga, nitakudai ngamia."

"Wewe lori? Lori gani linanuka dagaa!"

Wakacheka. Athumani akawasha pikapu yake, akashika upande wa kulia. Mizunguko miwili ikaenda vizuri, akaanza kuona bahari pale penye ukuta wa ghala. Mzunguko wa tatu akakunja kushoto, polepole, mwendo wa mtu aliyeridhika. Akasikia kishindo.

Aliposhuka, baiskeli ilikuwa chini ya bampa na dagaa wametapakaa uwanja mzima. Zengo alikuwa amesharuka, amekaa chini anajipapasa goti.

"Haya, lori limekufa," akasema. Kisha akamtazama usoni, akaacha utani. "Athumani. Nilikupungia mkono. Nikapiga kelele."

"Kelele nilisikia. Nilifikiri unacheza."

"Na mkono?"

Athumani akafunika jicho la kulia kwa kiganja. Zengo akawa moshi. Ghala likawa moshi.

"Sikuuona," akasema.

Kule Maskati, kila gari lingekuja kutokea upande huo wa moshi, na watoto wamekaa nyuma wanaimba.

Alipofika nyumbani hakuketi. Akapiga simu amesimama, Salu akisikiliza.

"Rehana, jicho langu la kushoto halioni."

"Tangu lini, baba?"

"Mwaka wa pili."

"Mwaka jana tulipokuja likizo ulitutoa Mwanza mpaka Bariadi, wanangu nyuma. Ulikuwa hivyo hivyo?"

"Nilikuwa hivyo hivyo, mwanangu."

"Baba!" Akalia, au alikohoa, mzee hakujua. "Nenda kwanza hospitali. Dereva nitatafuta hukuhuku."

"Na safari?"

"Baadaye."

Salu akanyoosha mkono, na Athumani akaweka funguo za pikapu mkononi mwake.

Asubuhi Zengo ndiye aliyeendesha, goti limefungwa kitambaa, wakaelekea Maswa kwenye hospitali ya macho. Athumani alikaa kiti cha abiria, hajui mikono aiweke wapi. Mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo. Walipokwisha kuutoka mji, akageuza shingo yote kushoto, ili jicho zima lipate kutazama.

Mabua ya pamba yalikuwa yanachomwa, moshi umelala juu ya mashamba. Wanawake walikuwa wakianika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba mpana, nyeupe tupu kama mawingu yaliyoshuka kupumzika. Nyuma yao kulikuwa na nyumba ya bati jipya, na mipapai imeshazaa.

"Hii nyumba imejengwa lini?"

"Mwaka juzi. Umepita hapa mara mia, suka."

Athumani akaikodolea mpaka ikabaki nyuma, na mbele ikatokea nyingine asiyoijua.

"Punguza mwendo, Zengo," akasema.