Ab, Ad, Ante: Kiitikio cha Makambako

Siku yangu ya kwanza katika boma la Njombe, enzi za Mwingereza, Bwana Shauri, yaani Mzungu msaidizi wa mkuu wa wilaya, alinisukumia karatasi akaniamuru niisome. Niliisoma bila kukwama. Kisha akaweka kidole juu ya neno "transcribe".

"Maana yake?"

"Sijui, bwana."

"Karani hasemi sijui. Karani anasema nitatafuta."

Nilikuwa nimetoka shule ya misheni ya Kilutheri na Kiingereza cha kusalimia na kuhesabu. Karani wa daraja la chini alinakili barua kwa kalamu ya kuchovya na kupanga majalada. Kupanda hadi ukalimani, yaani kusimama kati ya hakimu na mshtakiwa na kumfikishia kila mmoja maneno ya mwenzake, kulitaka mtihani wa Kiingereza. Kamusi ilikuwa moja tu, mezani kwa Bwana Shauri, nasi hatukuruhusiwa kuigusa.

Baadaye nilihamishiwa ofisi ndogo ya Makambako, chini ya Karani Mkuu, Mzee Fulgensi. Alikuwa Mkatoliki aliyeacha seminari kwa ugonjwa wa kifua, mtu mfupi asiyevua koti hata jua likiwaka. Ndiye aliyenifundisha viambishi awali, vile vipande vinavyotangulia neno.

"Neno refu la Kiingereza ni mzigo uliofungwa," aliniambia. "Legeza kamba, utakuta Kilatini. Porto ni kubeba. Tanguliza ex, ambayo ni nje, unapata export. Tanguliza trans, ambayo ni ng'ambo, unapata transport. Sub ni chini, nayo mbele ya p hugeuka sup. Basi support ni kubeba ukiwa chini ya mzigo."

"Kama mwanamke wa Kibena na kuni zake," nikasema.

"Hasa. Na mume mbele, mikono mfukoni."

Alijua namna moja tu ya kufundisha, ile aliyofundishwa yeye. Maana zikishakaa kichwani, tulikariri Kilatini chenyewe kwa mpangilio wa alfabeti, kwa sauti ya kuimba kama litania ya kanisani kwao. Yeye alianza: "Ab, ad, ante." Mimi niliitika: "Con, contra, de." Yeye: "Ex, in, inter." Mimi: "Per, post, prae." Tulifanya hivyo kila jioni baada ya tarishi kufunga milango, nami nilianza kuona maneno ya Bwana Shauri yakifunguka moja baada ya jingine.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri kijijini kwetu, upande wa Ilembula. Jioni moja alikuja Makambako kuniletea viazi. Hakubisha hodi. Nilipotoka nilikuta gunia mlangoni, na tarishi akaniambia baba alisimama dirishani kwa muda, kisha akaondoka bila kuaga.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Nilimkuta akinoa jembe.

"Kamwene, Baba."

Aliitika salamu bila kuinua macho. "Mwalimu wako hajambo?"

"Hajambo."

"Amekubatiza upya, au bado?"

"Baba, yale ni maneno ya Kiingereza."

"Kiingereza nimekisikia kwa Bwana Shauri. Kile hakikuwa Kiingereza. Yule anaanza, wewe unaitika. Mimi si mtoto, najua sala ya Kirumi."

Nilianza kumweleza. Akajaribu makali ya jembe kwa kidole gumba, akaondoka kwenda shambani.

Hakunifukuza. Kwetu kila jioni kulikuwa na ibada ya nyumbani, na Biblia ilizunguka, kila mmoja akisoma mistari yake. Jioni ile ilitoka kwa mama, ikafika kwangu, na baba akanyoosha mkono akaichukua, akampa mdogo wangu. Tangu hapo kila nilipokwenda nyumbani, zamu yangu ilirukwa. Mama alimsihi, mchungaji alizungumza naye. Aliwajibu kwa upole kwamba Neno la Mungu halisomwi kwa ndimi mbili.

Mzee Fulgensi alisikitika sana. Nilimwomba aende kumweleza.

"Nikienda mimi," alisema, "nitakuwa nimemthibitishia."

Tuliacha kuimba, lakini tulikuwa tumechelewa. Nilifaulu mtihani, nikarudishwa Njombe kuwa mkalimani. Hakimu aliwahi kuniambia, "Wewe unaweza kuwaelewanisha hata paka na panya." Nilimshukuru, nikarudi mezani kwangu.

Miaka mingi baadaye baba alilazwa hospitali ya Ilembula. Jioni moja tulibaki wawili, na Biblia yake kando ya mto.

"Yale mliyokuwa mkiitikiana Makambako," alisema. "Yaseme. Polepole."

"Ab ni kutoka, Baba. Ad ni kuelekea. Ante ni kabla. Con ni pamoja. Contra ni dhidi."

"Endelea."

Niliendelea hadi mwisho. "Re ni kurudi. Sub ni chini. Trans ni ng'ambo."

"Halafu?"

"Yameisha."

"Bikira Maria hayumo?"

"Hayumo, Baba."

"Wala watakatifu?"

"Hawamo."

"Ni hayo tu," alisema. "Miaka yote hii." Kisha akasogeza Biblia kuelekea kwangu kwa mgongo wa mkono, maana vidole havikuwa na nguvu. "Soma. Ni zamu yako."

Nilisoma sura nzima. Hakunikatiza. Hakutoka hospitalini akiwa hai.

Nilistaafu baada ya Uhuru, nikiwa mkalimani bado. Nimefikisha maneno ya wezi wa ng'ombe na ya wauaji kwa mahakimu yakaeleweka, na kazi hiyo siijutii. Vijana wa sekondari hunijia nyumbani Njombe kujifunza viambishi hivi. Nawafundishia uani, kwa sauti ya kawaida, bila wimbo. Siku ya kwanza namtaka kila mmoja aje na mzazi wake, akae asikilize mwanzo hadi mwisho. Wazazi wengi hupiga miayo kabla hatujafika contra, wakaaga na kwenda sokoni. Huwasindikiza hadi barabarani, na moyo wangu hutulia.