Shukrani Iliyotajwa kwa Jina

Vijana wa Bukoba wanaopata nafasi ya kusoma nje hufika Nshambya kwa Mwalimu Edvina Rutaihwa wakiwa na barua zao ndani ya bahasha safi. Wanatarajia pongezi. Edvina huwakaribisha, huwapa chai, kisha huwauliza swali ambalo limewakatia wengi hamu ya hiyo chai: kibali chako kinasema unakwenda kufanya nini? Kijana akijibu kusoma, humwambia basi ukasome, na ukiombwa kufundisha Kiingereza hata saa moja kwa wiki, kwanza upate ruhusa ya chuo na ya uhamiaji, kwenye karatasi, si kwa maneno. Wengine huondoka wakinuna. Husema anawaonea wivu, kwa kuwa yeye alikwenda Uchina akarudi bila shahada, na leo anafundisha shule ya msingi Kibeta.

Hajawahi kuwaeleza. Na ukweli ni kwamba hakurudi, alirudishwa.

Alikuwa mwaka wa mwisho. Mwenye kituo kimoja cha masomo ya ziada alimwomba awafundishe watoto Kiingereza Jumamosi na Jumapili, akamhakikishia kwamba wanafunzi wa kigeni wote hufanya hivyo. Edvina, msomi mzima, akaamini maneno na hakusoma masharti ya kibali chake. Mwenye kituo alimtaka pia awaambie wazazi kwamba yeye ni Mmarekani. Hilo alilikataa. Aliwaambia anatoka Bukoba, akawachorea ubaoni ziwa na migomba, na watoto wakaipenda Bukoba wasiyoijua. Aliipenda kazi ile kuliko masomo yaliyompeleka, akapiga simu nyumbani Kamachumu kuwaeleza wazazi wake furaha hiyo.

Kosa la kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa la baba yake, na ni kosa ambalo angelifanya mzazi yeyote wa kigango kile. Mzee Rutaihwa alitoa misa ya shukrani. Na kwao, shukrani isiyotaja jambo lenyewe kwa jina ni kama kumpa mgeni sahani tupu. Katekista akasoma yote: jina la mtoto, mji, jina la kituo, hata siku za vipindi. Mzee akapanda altareni akicheza, mkungu wa ndizi begani, mkewe Klaudia nyuma yake na kikapu cha kahawa. Binamu mmoja, Aroni, akarekodi video, akaituma kwenye kundi la simu la wana Kamachumu walioko nje. Nani aliitoa humo na kuifikisha chuoni, hadi leo hajulikani.

Edvina aliitwa ofisini. Afisa wa uhamiaji hakumkaripia. Alimwekea video, na mwanafunzi mmoja wa Kitanzania akaketi pembeni akitafsiri neno kwa neno, macho chini. Hivyo ndivyo alivyomwona baba yake akicheza mbele ya Mungu kwa ajili yake, katika chumba ambamo kila neno la furaha ile lilikuwa ushahidi. Akapewa siku kumi za kuondoka nchini.

Nyumbani alisema baridi imemshinda. Alijua kwamba baba yake akisikia ni misa yake iliyomrudisha, hatainua tena kichwa kanisani. Mdanganyifu hana siku njema, lakini Edvina aliona uongo huu ni wa heshima. Baba hakumlaumu mbele yake. Mama alimlaumu wazi. Klaudia alikuwa mwanamke wa kuvumilia kila kitu isipokuwa mtu asiyevumilia, na kila aliyekuja kusalimia alielezwa kwamba watoto wa wenzake wamekaa kwenye theluji na wamerudi na vyeti, ila wake ameogopa baridi. Edvina aliyavumilia. Alijiambia iko siku atamwambia mama peke yake. Mama akaugua, akafa, na siku ile ikapita bila kuja.

Ndipo mwaka huu Immakulata, binti wa kaka yake, akapata udhamini wa kwenda kulekule. Alhamisi akapiga simu akicheka: babu amekwisha kuandikisha misa ya Jumapili, na amemshauri atafute vipindi vya Kiingereza kama shangazi. Edvina aliomba ruhusa shuleni, akapanda gari la Muleba, akashuka Muhutwe, bodaboda ikampandisha Kamachumu. Njia nzima alitafuta namna ya kumwokoa mtoto bila kumvunja mzee. Hakuiona.

Alimkuta baba yake akianika kahawa. Akapiga magoti kumsalimu, kisha akabaki hapohapo chini akaanza kusimulia, kwa Kihaya, bila kuruka kitu: kituo, kibali, misa, video, siku kumi.

Mzee aliendelea kusambaza kahawa mpaka ikaenea mkeka mzima. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Ulikuwa mlango wa mwisho wa kudanganya, na Edvina aliuona. "Mimi nilivunja sheria, Tata. Wewe ulinitangaza."

"Na hukusema."

"Nilitaka usiumie."

Mzee akaketi ardhini, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele ya watoto wake. Hakukasirika, na Edvina aliogopa zaidi kwa sababu hiyo.

"Mama yako amekufa akijua amezaa mwoga," akasema. "Alikuwa akinililia jambo hilo hata siku za mwisho. Nami nilikuwa namjibu ndiyo, mtoto huyu ni mlegevu. Ungenipa huo mzigo wangu, ningeubeba yeye akiwa hai."

Edvina alilia. Kwa miaka yote alijihesabu mtu aliyejitoa kwa ajili ya baba, na hakuwahi kufikiri kwamba aliyelipia ni mama. Alitaka kuomba msamaha akashindwa kujua aanze na nani, aliye hai au aliyekufa.

Mzee akainuka, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto mdogo, wakaingia kwenye migomba hadi kaburini. Akavua kofia. Hakuomba wala hakuimba. Alizungumza kwa sauti kubwa, hata mke wa jirani aliyekuwa akichuma maharage akasimama kusikiliza.

"Klaudia, Edvina hakuogopa baridi. Alifukuzwa, na aliyemponza ni mimi. Maneno tuliyomsema, mimi nawe, tulimwonea." Akaliinamia kaburi. "Sasa nawe umesikia."

Mke wa jirani akarudi kwenye maharage yake polepole. Mzee, akiwa bado ameushika mkono wa binti yake, akasema Jumapili yatatajwa masomo ya Immakulata tu, na vipindi asivitafute.