Mawe Yaliyofungwa kwa Majani ya Mgomba

Habari za kifo cha yule dalali zilinifikia asubuhi nikiwa nyumbani Kaaga, Meru, nikinywa chai, na niseme ukweli, wasomaji wangu: chai ile niliimaliza. Aliyenipigia simu alitarajia nisikitike. Nilisema pole kwa mjane na watoto, nikaishia hapo. Mazishini, kule Mikinduri, nilikwenda kwa heshima ya mjane ambaye hajanikosea lolote, na nikavumilia kumsikiliza mshereheshaji akimsifu marehemu kuwa mtu wa maendeleo, mtu aliyeona mbali. Nilitazama viatu vyangu. Kwetu maiti hasemwi vibaya kabla ya kufukiwa, kwa hiyo nilisubiri afukiwe kwanza. Sasa ameshafukiwa.

Miaka mingi alikuwa dalali wa miraa, ile mirungi inayotafunwa, tena dalali hodari, hilo simnyimi. Miraa ikishachumwa haina subira. Hufungwa vitita, huviringishwa kwa majani mabichi ya mgomba isikauke, kisha hukimbizwa uwanja wa ndege, kwa sababu ikikauka haina kazi. Soko la nje lilipoyumba, aliteremka Mbeere kutafuta muguka, miraa ya majani ya kule, yeye aliyekuwa akiicheka muguka kila siku kuwa ni chakula cha mbuzi. Huko Gachoka akajuana na shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayelima ndengu na mtama kwenye mteremko wenye mawe tele. Na ni katika siku hizo aliposikia redioni kwamba bei ya urani imepanda duniani, kwa kuwa nchi nyingi zinarudia umeme wa nyuklia. Basi, mtu wetu akawa mtaalamu.

Kifaa chake cha kupimia urani kilikuwa kile kipimajoto cha umbo la bastola tulichoelekezewa usoni kila mlangoni wakati wa Korona. Alikielekeza kwenye mawe ya Gachoka mchana wa jua kali. Jiwe lililoshinda kwenye jua lile unaweza kulikaangia yai. Kifaa kikalia, namba zikawaka nyekundu, na shemeji yangu, mtu mzima mwenye akili zake, akashika kichwa kwa furaha. Mawe yaliyopendeza zaidi yalikuwa yale meusi mazito, na mengi ya hayo yalikuwa kwenye matuta. Matuta hayo ni kuta fupi za mawe ambazo baba yake shemeji alizipanga kwa mikono yake kukata mteremko, ili mvua isichukue udongo. Wakayabomoa. Marehemu akaleta majani ya mgomba kwa pikapu kutoka Meru, na kila jiwe likaviringishwa kama kitita cha miraa, likapangwa ndani ya nyumba pale dada yangu alipokuwa akihifadhi mbegu.

“Nilimwambia baba watoto, hii mawe ndio inashika shamba,” dada aliniambia. “Akasema mimi sijui mambo ya dunia.”

Nilimtafuta dalali huyo nikampata hotelini Mikinduri, amekaa mbele ya sahani ya mukimo. Nikamuuliza mnunuzi ni nani.

“Kuna watu ya Kazakhstan,” akasema. “Hao ndio wakubwa wa hii kitu. Wako njiani.”

“Na majani ya mgomba ni ya nini?”

“Wewe umesoma na hujui? Hii kitu ikikauka, nguvu inaisha.”

“Jiwe likauke?”

“Wewe andika gazeti, wacha sisi tufanye biashara. Hata miraa mlikuwa mnacheka, na ndio imesomesha watoto wa huku.”

Nilimwambia mbele ya watu kwamba ni mjinga na atamfukarisha dada yangu. Sijutii hata neno moja. Nilimweleza pia yale ambayo mtu yeyote angeyajua kwa kuuliza tu. Ni kweli Kazakhstan ndiyo inayochimba urani nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, na Kanada na Namibia zimo, lakini huko hakuna anayezunguka mashambani kununua jiwe mojamoja. Mwamba husagwa, au asidi hupitishwa humo chini ardhini, hadi upatikane unga unaotiwa mapipani. Wanunuzi ni kampuni za umeme zenye mikataba ya miaka mingi, na serikali zinafuatilia kila pipa linakokwenda. Na hata wenye urani ya kweli, tazameni wamepata nini. Watu wa Niger wamechimba tangu zamani, madini yao yakawasha taa za Ulaya, na vijiji vingi vya kwao vinaendelea kuwasha koroboi. Wale walinyang’anywa walichokuwa nacho. Sisi tuliharibu shamba kwa kitu ambacho hakikuwapo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaagiza chai nyingine.

Mvua za masika zilipokuja hazikungoja Wakazakhstan. Ziliteremka ule mteremko usio na matuta na kuzoa udongo wote wa juu, pamoja na ndengu zilizokuwa zimeanza kutoa maua, zikaupeleka mtoni. Ulibaki mwamba. Msimu uliofuata dada yangu alipanda mbegu zikaota nyembamba, za manjano, zikafa. Shemeji siku hizi anachoma makaa ya kuuza. Hakuna aliyewahi kuja kununua jiwe hata moja.

Baada ya maziko mjane aliniita chumbani, akainua shuka ya kitanda. Chini yake kulikuwa na mawe meusi aliyojiletea kutoka Gachoka, yamefungwa kwa majani ya mgomba.

“Nitapeleka wapi hii?” akaniuliza. “Watu wanasema ndio ilimuua.”

“Ni mawe tu, mama. Daktari si alisema ni moyo?”

“Alikuwa anainyunyizia maji kila asubuhi. Hata akiwa mgonjwa.”

Kumbe aliamini. Siku zote nilidhani ni tapeli, na nilikuwa nimeshajiandaa kumchukia kama tapeli. Tapeli angalau akipata chake huondoka. Huyu hakuwa na cha kupata, akabaki akiyamwagilia mawe maji na kuwaambia majirani wavumilie. Ningependa kusema hilo lilinilainisha. Halikunilainisha. Anayekubomolea ukuta huku mwenyewe akiamini, huyo ni hatari kuliko mwizi, maana huna hata mtu wa kumshtaki, na mazishini atasifiwa kwa kuona mbali. Yeyote atakayekuja kwenu kuwaambia mna utajiri chini ya miguu yenu, mwulizeni kwanza miguu yenyewe itasimama wapi akishauchimba.

Niliyapakia mawe yale kwenye buti la gari nikayapeleka Gachoka. Dada yangu aliyavua majani yaliyokauka, akayabeba moja baada ya jingine, pamoja na yale yaliyokuwa yamebaki nyumbani, akayapanga palipokuwa na tuta. Nilimsaidia. Tulipomaliza, ukuta ulikuwa umesimama vizuri kabisa. Akapangusa mikono kwenye leso, akautazama ule mwamba mtupu uliokuwa nyuma yake.

“Mawe imerudi,” akasema. “Sasa itashika nini?”